UZI: Eosinofili hujuaje njia ya kwenda puani na mapafuni? Kemokini, mzio, na kwa nini hesabu ya damu peke yake haitoshi

#1 MwalimuWaKinga (mwanzisha uzi)

Kila mara hapa mtu huweka picha ya hemogramu (hesabu ya seli za damu), eosinofili, moja ya aina za seli nyeupe, asilimia 8 au 9 imewekewa nyota, halafu maswali ni yale yale: huu ni mzio? Ni minyoo? Majibu nayo hukimbilia namba. Tatizo ni kwamba namba ile huhesabu eosinofili zilizo barabarani tu. Zilizokwisha kushuka kwenye utando wa pua, kwenye mirija ya hewa au kwenye umio hazimo ndani ya chupa ya kifuniko cha zambarau. Na kinachoamua zishuke wapi ni protini ndogo za mawasiliano ya kinga, ambazo maabara nyingi za mtaani hazizipimi kabisa. Basi tuifuate safari yenyewe.

Inaanzia kwenye uboho. Protini iitwayo intaleukini-5 (IL-5), inayotolewa na seli za kinga, yaani seli T za aina ya Th2 pamoja na ILC2, huzikuza eosinofili humo na kuzifungulia mlango. Zikiingia kwenye damu hukaa saa chache tu, kama 8 hadi 18, kisha huingia kwenye tishu na kuishi humo siku kadhaa, na zaidi zikiendelea kulishwa IL-5. Mtu mzima mwenye afya huwa na chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu. Utumbo wake ndio wenye nyingi, na hiyo ni kawaida.

Baada ya hapo zinaingia kemokini, zile protini za kuonyesha njia. Hizi ni protini za kilodaltoni 8 hadi 10 hivi. Binadamu ana takriban 50, na vipokezi vyake ni kama 20, kwa hiyo tayari mnaona kwamba kipokezi kimoja husikiliza sauti nyingi. Majina hutokana na sistini (aina ya asidi amino) mbili za kwanza: zikikaa pamoja ni CC, zikitengwa na asidi amino moja ni CXC. Katika mzio, kundi la CC ndilo lenye kelele. Eotaksini, CCL11, ilitangazwa mwaka 1994 baada ya kupatikana katika maji ya kuosha mapafu ya simbilisi waliosababishiwa mzio. Baadaye zikaja dada zake wawili, CCL24 na CCL26. Zote tatu hugonga kipokezi kimoja, CCR3, ambacho kimejaa juu ya eosinofili, kipo kwenye basofili (seli nyeupe nyingine), na kipo kwenye baadhi ya Th2.

Sasa ukutani mwa mshipa, hapa ndipo penye utamu:

Kwanza seli hubingirika. Selektini-P ya ukuta hushika sukari za PSGL-1 juu ya seli na kupunguza mwendo wake, kwa kuwa damu inakwenda kasi na bila breki hakuna kushuka.

Pili, kemokini zilizobandikwa ukutani hugonga kipokezi, na ndani ya sekunde integrini za seli (protini za kushikia) hubadilika umbo zikawa na mshiko mkali.

Tatu, seli inasimama kabisa. Eosinofili hutumia integrini VLA-4 kushika VCAM-1, kishikio cha ukutani. Intaleukini nyingine mbili, IL-4 na IL-13, ndizo zinazoufanya ukuta wa mshipa uoteshe VCAM-1, na neutrofili, seli nyeupe zilizo nyingi zaidi, zina VLA-4 kidogo sana. Ndiyo maana utando wenye mzio hujaa eosinofili hata kama damu ile ile imebeba neutrofili mara 20 zaidi.

Nne, hupenya kati ya seli za ukuta na kutambaa kuelekea kwenye kemokini nyingi zaidi.

Kwa ufupi: IL-5 huongeza idadi, IL-4 na IL-13 hufungua kituo cha kushukia, eotaksini huonyesha mlango. Ukiyachanganya haya matatu hutaelewa dawa yoyote ya mzio iliyotoka tangu 2015. Maswali karibuni.

#2 Kifua_Umoja

Asante Mwalimu. Maswali mawili ya raia wa kawaida. Moja, seli haina macho wala pua, inajuaje upande? Mbili, mbona setirizini, kidonge cha mzio, hukata chafya na muwasho lakini pua hubaki imeziba usiku kucha?

#3 MwalimuWaKinga

La kwanza. Anayetafuta nyama choma Kenyatta Market bila kujua kibanda hufuata upande ambao moshi unazidi. Moshi ukijaa sawasawa soko zima, amepotea. Seli nayo hufanya hivyo: ina vipokezi mwili mzima, na inalinganisha upande wenye vingi vilivyogongwa na upande wenye vichache. Upande wenye vingi, protini ya G ya aina ya Gi huamsha protini za PI3K na Rac, nyuzi za aktini zinasukuma utando mbele. Nyuma, protini za Rho na miosini huvuta mkia. Upande wote ukiwa sawa, seli hutapatapa tu bila kuelekea popote.

Moshi huo unahitaji kushikiliwa usipeperushwe na damu. Kazi hiyo hufanywa na sukari ndefu za heparani salfeti juu ya ukuta wa mshipa na kati ya seli. Kemokini zina chaji chanya, sukari hizo zina chaji hasi, zinashikana. Kumbukeni hili, litarudi tukifika maabara.

Na kipokezi kikigongwa sana huzimwa: protini iitwayo arestini-beta hukikamata na kukivuta ndani ya seli. Kwa hiyo kemokini nyingi mno husimamisha mwendo.

La pili. Mzio una awamu mbili. Ndani ya dakika chache kizio hugusa kingamwili IgE juu ya seli masti, zinamwaga histamini, prostaglandini D2 na lukotrieni. Hapo ndipo chafya, muwasho na kamasi ya maji. Setirizini inaziba kipokezi H1 cha histamini, kwa hiyo inatuliza hayo. Baada ya saa 4 hadi 8 hivi inakuja awamu ya pili, inayoletwa na seli zilizoitwa: eosinofili, basofili, Th2. Utando umevimba kwa sababu umejaa wageni na vitu wanavyomwaga. Aliyesafisha vumbi jioni ataziba usiku. Dawa ya H1 haiwezi kuzirudisha seli zilizokwisha kushuka, na haizuii sana zinazokuja.

Steroidi ya kupuliza puani ndiyo huzima uandishi wa jeni za eotaksini, IL-5 na VCAM-1, na huharakisha kifo cha eosinofili. Ila huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, kufika kilele. Watu huiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi.

#4 Sindano_Ngara

Nyongeza hapo kwa Kifua_Umoja, maana nusu ya wanaoshindwa na dawa ya puani wanashindwa kwa mkono. Tikisa chupa. Ikiwa mpya au imekaa wiki nzima, puliza hewani hadi ukungu mwembamba utoke. Penga kamasi kwanza. Inamisha kichwa mbele kidogo, usiangalie dari. Mkono wa kulia kwa pua ya kushoto na wa kushoto kwa ya kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio. Ukielekeza kwenye ukuta wa katikati, damu itatoka na dawa itaishia mahali pasipo na kazi. Vuta hewa taratibu. Ukivuta kwa nguvu inaenda kooni, na ukionja uchungu ujue imekwenda huko. Flutikasoni, steroidi ya puani, ya mikrogramu 50, mtu mzima huanza na mipulizo 2 kila tundu, mara moja kwa siku.

Zile za kuzibua papo hapo, oksimetazolini na zailometazolini, zisizidi siku 5. Zinabana mishipa, haziitishi wala kufukuza seli yoyote, na ukizizoea pua inaziba kwa sababu yao.

#5 Pipeti_na_Kofia

Mwalimu, heshima yako, lakini habari ya eotaksini imekuzwa. Ikiwa ndiyo inayoonyesha mlango, mbona dawa za kuziba CCR3 zilianguka? GW766994 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa pumu yenye eosinofili, matokeo yakachapishwa 2014, na eosinofili za kwenye makohozi hazikupungua. Fevipiprant iliyoziba kipokezi cha prostaglandini D2, ile DP2, nayo ikaangukia hatua ya tatu ya majaribio mwaka 2019. Mimi naona mwendo ni jambo la pili. Idadi ndiyo mchezo.

#6 MwalimuWaKinga

Hoja nzuri, na sehemu yake ya kwanza siipingi. Kuziba kipokezi kimoja juu ya seli yenye milango mingi hakutoshi. Eosinofili huitwa pia na prostaglandini D2, na C5a ya komplementi, na lukotrieni, na PAF. Ukifunga CCR3 zinapitia kwingine. Na dawa ndogo za aina hii zinahitaji kuziba karibu vipokezi vyote saa zote 24, kwa kuwa vichache vilivyobaki wazi vinatosha seli kutambaa.

Lakini "idadi ndiyo mchezo" haisimami. Tazama mepolizumabu, kingamwili dhidi ya IL-5. Mwaka 2000 jaribio la kwanza lilionyesha eosinofili za damu zikiporomoka, huku wepesi wa mirija kubana ukibaki vile vile. Mwaka 2003 wengine wakachukua vipande vya mirija na uboho: damuni zilikuwa zimekwisha karibu zote, kwenye utando wa mirija zilipungua kama nusu tu. Zilizokwisha kuingia hazikuwa zinategemea IL-5 ya damu. Ilibidi kusubiri 2009, watafiti walipochagua wagonjwa wenye pumu kali yenye eosinofili nyingi na kupima idadi ya mashambulizi, ndipo faida ikaonekana. Marekani wakaiidhinisha Novemba 2015, miligramu 100 chini ya ngozi kila wiki 4.

Ushahidi mzuri zaidi ni dupilumabu. Inaziba kipokezi cha IL-4 na IL-13, na IL-5 inaiacha. Mgonjwa anapata nafuu, pua inafunguka, halafu hemogramu inarudi na eosinofili zimepanda! Kwa nini? Uboho unaendelea kuzitoa, lakini ukuta wa mshipa haujaota VCAM-1 na tishu hazitoi eotaksini ya kutosha. Zinazunguka damuni bila kituo cha kushukia. Damu imepanda, tishu imepungua. Anayetibu namba angeisimamisha dawa inayofanya kazi.

#7 Pipeti_na_Kofia

Hiyo ya dupilumabu nakubali, ni ngumu kuikwepa. Lakini weka tahadhari, maana kuna watakaosoma na kutulia kupita kiasi. Kwa wachache kupanda huko huja na ugonjwa wa kweli wa mishipa ya damu. Upele mpya, ganzi ya miguu au mguu unaoanguka, kifua kinachozidi kuwa kibaya, dalili za moyo: hapo hakuna kungoja, mgonjwa aonwe na damu irudiwe.

#8 DaktariWaMinyoo

Nimesoma kimya, sasa niongee ya hapa kwetu.

Kwanza, achaneni na asilimia. Zidisha jumla ya seli nyeupe kwa asilimia, upate idadi kamili. Mtu ana jumla ya seli nyeupe bilioni 3.8 kwa lita, eosinofili asilimia 9. Hiyo ni 342 kwa mikrolita. Kawaida kabisa. Mwingine ana jumla ya 11, asilimia 6. Hiyo ni 660, imepita, na huenda mashine haikuweka nyota yoyote.

Kwa nini Nairobi mfano wa kwanza ni wa kila siku? Kwa sababu wengi wetu hatuna kipokezi cha Duffy, ACKR1, juu ya chembe nyekundu. Badiliko moja kwenye sehemu inayoshikwa na protini ya GATA-1 huizima jeni hiyo kwenye chembe nyekundu peke yake. Kwenye ukuta wa mishipa inabaki. Faida yake ni kwamba vimelea vya malaria ya vivax haviingii kirahisi. Upande wa pili, neutrofili za damuni huwa chini kidogo bila ugonjwa wowote. Neutrofili zikiwa chache, asilimia za wengine wote hupanda, eosinofili zikiwamo, na mtu anatibiwa "mzio" wa hesabu.

Na Duffy ni kipokezi cha kemokini, wala si jambo la malaria tu. Hushika kemokini nyingi za CC na CXC bila kupeleka ishara ndani ya seli. Chembe nyekundu zenye Duffy hubeba na kufyonza kemokini kwenye damu. Kwa hiyo viwango vya kemokini vya Ulaya usivinakili hapa na kuviita kawaida.

Pili, minyoo. Zaidi ya 1,500 usikimbilie mzio. Mafua ya mzio peke yake ni nadra kufika huko. Uliza: ametembea Mwea au kando ya Ziwa Victoria, akaingia majini? Kichocho. Anatoka Pwani na mkojo una damu? Kichocho cha kibofu, chukua mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Dawa mpya? Antibiotiki, za kifafa, alopurinoli. Minyoo huita eosinofili kwa lugha ile ile ya IL-5, IL-13 na eotaksini, kwa hiyo kipimo cha damu hakiwezi kukutofautishia.

Choo safi mara moja hakiondoi shaka. Mabuu ya mnyoo askaris hupita mapafuni wiki ya pili hivi baada ya kuambukizwa, kifua kinabana, eosinofili ziko juu, na mayai hayataonekana kwenye choo hadi miezi 2 au 3 baadaye. Huyo huitwa kimakosa mgonjwa wa pumu.

Mnyoo strongiloidi ndio wa kuogopwa. Anaweza kukaa mwilini miaka kwa kujizalisha mwenyewe. Ukimpa mtu huyo prednisoloni ya muda mrefu, mabuu yanasambaa mwili mzima na anaweza kufa. Kabla ya steroidi za kumeza za wiki kadhaa, au kabla ya dawa za kupinga IL-5, pima kingamwili za strongiloidi ikiwezekana. Ikiwa haiwezekani na hatari ipo, ivamektini mikrogramu 200 kwa kilo, siku 1 hadi 2, baada ya daktari kuhakiki. Albendazoli miligramu 400 mara moja hufaa kwa askaris na kwa safura, lakini kwa huyu haitoshi. Na ukimtibu mwenye minyoo, eosinofili zinaweza kupanda kwanza kabla ya kushuka. Msirudie kipimo siku ya tatu mkashtuka.

#9 Kifua_Umoja

Na saa ya kupima ina maana, daktari? Na jakaranda je? Kila Oktoba lawama ni zake.

#10 DaktariWaMinyoo

Ina maana. Homoni ya kotisoli ya asubuhi huzishusha eosinofili, usiku zinapanda. Pima saa ile ile kila mara, na uandike kama mgonjwa amemeza steroidi. Prednisoloni ya jana usiku inaweza kukupa sifuri asubuhi, na sifuri hiyo haina habari yoyote kuhusu pua yake.

Jakaranda inasingiziwa. Chavua yake hubebwa na wadudu zaidi ya upepo. Tafuta utitiri wa vumbi kwenye godoro na mazulia, mende, paka, na nyasi baada ya mvua.

#11 Tarajali_Maabara

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Jaribio la kutambaa kwa eosinofili kwa vikombe vya Transwell (vyenye utando wa matundu chini) linagoma. Visima visivyo na kitu vinapitisha seli karibu asilimia 15, na vya eotaksini nanomola 100 vinapitisha chini ya vile vya nanomola 10. Tatizo ni kemokini mbovu?

#12 Pipeti_na_Kofia

Marahaba. La nanomola 100 si tatizo hata kidogo, ni dalili kwamba jaribio linafanya kazi. Mchoro wa kemokini ni kilima: unapanda, unafika kilele, unashuka, kwa sababu vipokezi vinazimwa na kuvutwa ndani na mteremko unapotea. Eotaksini kilele chake mara nyingi ni karibu na nanomola 10. Uzito wake ni kilodaltoni 8.4, kwa hiyo hiyo ni nanogramu 84 kwa mililita. Seli zikitosha, pima 1, 3, 10, 30 na 100 ukione kilima chote.

Asilimia 15 bila kitu ndiyo inayonitisha. Seli zako zimeamshwa kabla hazijafika kikombeni. Nenda hatua kwa hatua.

Damu ichukuliwe kwa sindano pana, bila kuvutwa kwa nguvu, na ianze kutengwa ndani ya saa moja. Vyote vikae kwenye baridi ya nyuzi 4, bafa zisiwe na kalsiamu wala magnesiamu hadi dakika ya mwisho. Mwaga juu ya kimiminika kizito cha kutenganishia, Percoll au Ficoll ya msongamano 1.077; eosinofili na neutrofili ni nzito, zinashuka chini pamoja na chembe nyekundu. Vunja nyekundu kwa maji baridi yaliyotakaswa kwa sekunde 20 hadi 30, kisha rudisha chumvi mara moja kwa ujazo sawa wa chumvi ya asilimia 1.8. Ukizubaa hadi dakika nzima, unaziumiza na nyeupe. Halafu shanga za sumaku zenye kingamwili dhidi ya CD16: neutrofili zinayo, eosinofili haina, kwa hiyo zako zinapita bila kuguswa. Usizivue kwa kingamwili inayozishika zenyewe. Kuzigusa ni kuziamsha.

Paka slaidi, rangi ya Giemsa, usafi uwe juu ya asilimia 95. Kisha kisima kimoja cha kuhakiki: weka chini CXCL8, kemokini inayoita neutrofili. Seli zikikimbilia huko, ujue umebaki na neutrofili.

Hesabu ya damu. Mtu wa kawaida mwenye 150 kwa mikrolita, mililita 50 zina eosinofili milioni 7.5. Ukipoteza nusu njiani, jambo la kawaida, unabaki na milioni 3 na nusu hivi. Kila kikombe hula laki 2, yaani mikrolita 100 za seli milioni 2 kwa mililita. Vikombe 15 basi, pamoja na kile cha kuhakiki, usivipangie zaidi. Hali 5 mara 3: bila kitu, 1, 10, 100, na ya tano niielezee.

Ya tano ni nanomola 10 juu na chini. Wengi huiruka, na bila hiyo huwezi kusema neno "mwelekeo". Seli zikipita kwa wingi hata pasipo tofauti ya juu na chini, kemokini imezichangamsha tu. Zigmond na Hirsch walikwisha kulionyesha hilo mwaka 1973 kwa vyumba vya aina aliyoibuni Boyden mwaka 1962.

Vikombe vya milimita 6.5, matundu ya mikroni 5. Ya 8 ni mapana, seli zinadondoka zenyewe, na hiyo nayo inaweza kuwa asilimia 15 yako. Kagua pakiti. Mikrolita 600 chini, joto nyuzi 37, saa 1 hadi 2. Usiinue kikombe na kukirudisha, na usiache povu chini ya utando: povu moja linafuta jibu la kisima kizima. Mwishoni ongeza EDTA milimola 5 chini na usubiri dakika 10 ili zilizoganda kwenye plastiki ziachie, ndipo uhesabu.

#13 MwalimuWaKinga

Niongeze jambo moja kubwa: usitumie seramu ya ndama kwenye mediumu (maji ya kuwekea seli). Ina vivutio vyake, na ina kimeng'enya cha DPP-4 kinachokata asidi amino mbili za mwanzo wa eotaksini, ambapo ndipo inapogongea CCR3. Tumia albumini asilimia 0.1 hadi 0.5 tu. Albumini pia inazuia kemokini isigande kwenye plastiki. Kwa mkusanyiko mdogo bila albumini, sehemu kubwa inabaki ukutani mwa kichupa na wewe unadhani umeweka nanomola 1. Gawa mikrolita 10 kumi, gandisha, kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Na stima ikipotea usiku mzima, andika kwenye kisanduku kwamba kiliyeyuka. Usinyamaze ukakirudisha.

#14 Darubini_Kikuyu

Hamjataja mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800, shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 82. Asilimia 5 ya kabonidayoksaidi ndani ya inkubeta ya seli hapa ni kidogo kuliko asilimia 5 ya Mombasa. Mediumu ya bikaboneti inapanda pH kwa karibu 0.1. Wekeni 6.

#15 Pipeti_na_Kofia

Hesabu yako ni sahihi, lakini usiseme "wekeni 6" bila kujua kihisi. Kihisi cha infraredi huhesabu molekuli zilizo mbele yake. Kama hakikurekebishwa kwa mwinuko huu, kinaposoma 5 huenda gesi tayari inatosha, na ukiongeza umepitiliza. Acha mediumu ndani usiku kucha kifuniko kikiwa wazi kidogo, pima pH haraka asubuhi. Kwa jaribio la saa 2, bafa ya HEPES milimola 20 humaliza mabishano.

#16 Tarajali_Maabara

Asanteni sana. Nimekagua pakiti: matundu ni ya 8. Swali la mwisho: kutoka kwa damu za wagonjwa nataka kupima kemokini za CCL11, CCL17 na CCL5. Seramu au plazima?

#17 MwalimuWaKinga

Plazima, na kwa CCL5 hakuna mjadala. Chembe sahani zimejaa CCL5, na CCL17 pia. Damu ikiganda zinaimwaga, na unachopima kwenye seramu ni kuganda kwa damu. CCL17 ya seramu hutumika Japani kufuatilia ukurutu, lakini huko utaratibu ni ule ule kwa kila mgonjwa. Usichanganye seramu za kliniki moja na plazima za nyingine.

Chupa ya heparini iepuke. Ile sukari ya heparani salfeti niliyosema inashika kemokini? Heparini ni ndugu yake wa damu, inazishika pia na kuvuruga kipimo. Tumia EDTA. Iweke kwenye barafu mara moja, izungushwe ndani ya dakika 30 kwa nyuzi 4, kisha hamisha plazima ya juu bila kugusa tabaka jeupe na uizungushe tena kwa kasi zaidi, kama mara 10,000 ya mvutano kwa dakika 10, ili chembe sahani zilizobaki zishuke. Bakiza mikrolita 200 za chini, usizichukue. Andika saa ya kuchukuliwa na saa ya kugandishwa kwenye kila kichupa. Sampuli iliyokaa saa nne ndani ya pikipiki kutoka Kayole, itupe.